Mtu wa Juu

Watu wanaopanda lifti wana adabu za ajabu. Wakiingia wananyamaza, macho kwenye namba za ghorofa, na wakifika wanatoka bila hata kuaga. Nusu ya umri wangu nimeishi kwa kutengeneza lifti, na sijapata kumsikia mtu akiuliza kamba zina hali gani. Wanachouliza ni mbona inachelewa. Mtu yuko radhi kuning'inia hewani kwa kamba asiyoijua, iliyofungwa na mtu asiyemjua, alimradi asikose chai ya saa nne.

Kazi yenyewe ni ya watu wawili. Nalisema hili mapema ili tusije tukagombana baadaye. Mmoja hushuka shimoni, chini ya lifti kabisa, kunakojikusanya maji na vizibo vya soda na funguo za watu, akasafisha na kukagua. Mwingine hukaa juu paani, kwenye chumba cha mashine, kando ya swichi kuu aliyoizima. Kazi yake ni kukaa. Haondoki hapo hata ashikwe na haja, mpaka aliye chini atoke na kumwita. Asiyejua akimwona atasema huyu analipwa kwa kusinzia. Lakini mashimo ya lifti za zamani ni mafupi, na lile boksi linalobeba watu likishuka mpaka chini, halibakizi hata nafasi ya mtu kuchuchumaa. Kwa hiyo anayeshuka shimoni, roho yake anaiacha paani. Huyo anayeilinda tulimwita mtu wa juu.

Mtu wangu wa juu alikuwa Tisa-na-Nusu, na mimi nilikuwa wake, tulikuwa tunapokezana. Jina alilipata kwa hesabu ya vidole. Zamani, kabla hatujakutana, alikuwa na fundi mwingine, wanazungusha gurudumu la mashine kwa mikono ili wamtoe mtu aliyekwama kati ya ghorofa. Mwenzake akaona kidole kimekaribia pabaya, akapiga kelele, "Acha!" Alimaanisha simama hapo hapo. Yeye akasikia achia, akaachia, gurudumu likazunguka lenyewe na kuondoka na nusu ya kidole. Tangu hapo neno hilo alilipiga marufuku. Kwetu kulikuwa na "simama", "kaza" na "legeza", basi. Ukijisahau ukasema "acha" ndani ya shimo, alikuwa anakusubiri utoke ili akutukane vizuri.

"Kiswahili kitamu, kaka," alipenda kusema, "ila kwenye mashine kinang'ata."

Alikuwa mkubwa kwangu lakini kaka alikuwa ananiita yeye. Akikupa mkono wa kushoto alikuwa anasema, "Pokea nne na nusu, chenji nitakuletea."

Meneja wetu tulimwita Bwana Tutaona. Ukimwambia kamba imechakaa, tutaona. Ukimwambia mtoto amelazwa unaomba ruhusa, tutaona. Nadhani hata siku mke wake alipomkubali alimjibu hivyo. Lakini kuna jambo moja aliliona bila kuonyeshwa na mtu, nalo ni kwamba pale kazini kuna watu wanalipwa kwa kukaa. Akatuita ofisini, akasema anafikiria kila fundi aende kwenye jengo lake peke yake.

"Mimi simo," Tisa-na-Nusu akasema.

"Na mimi simo," nikasema.

Mafundi wa lifti hawaokotwi njiani, kwa hiyo alichezea kalamu, akasema tutaona. Tulipotoka nje, Tisa-na-Nusu alinishika bega. "Mmoja akikataa ni mkaidi," akaniambia. "Wawili wakikataa ni utaratibu."

Nilicheka naye. Wakati huo nilikuwa tayari nawaza kuondoka.

Wazo langu lilikuwa dogo na zuri, na nililipenda kupita kiasi. Mji umejaa majengo ya zamani yenye lifti za babu zetu, na kampuni kubwa zinayadharau. Mimi ningeanzisha kampuni ya mafundi wawili na simu moja, inayopokelewa na mtu na siyo na muziki. Ukikwama kwenye lifti unapiga, nakuja. Jina nilikuwa nimeshalipata: Panda Salama. Nikiwa naoga nilikuwa nalitamka kwa sauti nzito ya tangazo la redio, mpaka mke wangu anagonga mlango na kuuliza nazungumza na nani humo.

Fundi wa pili katika hesabu yangu alikuwa Tisa-na-Nusu, nani mwingine. Nilimwambia tukiwa paani pa jengo moja la wapangaji, jengo la ghorofa saba ambalo sisi wawili hatukulipenda. Lifti ya pale ilikuwa na tabia ya kusimama ghorofa ya nne bila kuitwa. Mlango unafunguka, unakaa wazi, hakuna anayeingia wala anayetoka, kisha unajifunga. Msimamizi wa jengo, mzee mwenye heshima zake, alisema inamsubiri mtu. Tulimcheka, tukamwambia ni waya uliochoka, na kweli ulikuwa waya. Lakini lililotutisha sisi lilikuwa chini. Kule shimoni huwa kuna swichi nyekundu. Ukiibonyeza, lifti haitikisiki hata uipigie magoti. Ya jengo lile ilikuwa imekufa. Tulishamwambia meneja. Unajua tulijibiwa nini.

Tisa-na-Nusu alinisikiliza mpaka mwisho, akifuta mikono kwa kitambaa.

"Ni wazo zuri," akasema. "Ungenipa nikiwa na mgongo wa zamani, ningekuwa nimeshapanda. Lakini mimi nimebakiza kidogo nistaafu. Sasa nianze kulea biashara changa, na kulia usiku inalia?"

"Tutalea wawili."

"Kaka, mimi hata wajukuu nawarudisha kwao jioni." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nenda. Sikuzuii. Ila ukienda, nani atakaa juu?"

"Watakuletea mtu."

"Wataniletea maneno," akasema, akakunja kitambaa chake vizuri na kukitia mfukoni.

Baada ya siku hiyo nilikuwa mtu wa kuogopwa na watoto wangu mwenyewe. Chakula hakipandi. Nikilala nasikia mlango wa lifti ukifunguka na kujifunga. Nikiamka nasema leo namwambia meneja. Nikifika kazini namwona Tisa-na-Nusu anakagua kamba ya mkanda wangu wa usalama kabla ya yake, nanyamaza. Ukipima upande mmoja kuna ndoto yako, na upande wa pili kuna mtu mzima anayepumua. Nilijua mizani inalalia wapi. Ndiyo sababu nilikuwa natafuta mtu mwingine aishike badala yangu.

Mke wangu ni fundi cherehani, anashonea sebuleni. Asubuhi moja nilikuta amepiga magoti mbele ya mteja, anapima pindo la gauni, pini zimejaa mdomoni. Si wakati wa kumuuliza mtu jambo la maisha. Lakini nilikuwa nimechelewa, nimeshavaa, mkoba begani, na kitu kilikuwa kinanisukuma.

"Mama watoto, kuhusu ile kazi. Leo ndiyo leo. Unasemaje? Neno moja tu."

Hakugeuka. Alisema kwa upande wa mdomo, pini zisidondoke:

"Acha."

Niliruka ngazi mbili mbili. Sikumbuki njia. Nakumbuka kwamba nilikuwa naimba.

Bwana Tutaona alikuwa anakunywa maji. Nilimwambia naondoka, nimeshapata shughuli yangu, nashukuru kwa yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa tutaona, nimeandaa na majibu yake. Akaweka glasi chini taratibu, akatabasamu, akasema:

"Sawa."

Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. Mtu aliyezoea kukupiga kalenda akikuambia sawa papo hapo, ujue alikuwa anakungoja. Nilitoka ofisini mle.

Tisa-na-Nusu nilimkuta kwenye ngazi za nyuma anafunga viatu.

"Tayari?" akaniuliza.

"Tayari. Mke wangu ameamua. Ameniambia acha."

Alisita na kamba za viatu mkononi. Akainua uso polepole.

"Acha ipi?"

"Acha, bwana. Acha kazi."

"Alisema acha kazi, au alisema acha?"

Sebule yetu ilinirudia yote: magoti yake, pini zake, mteja anayejiangalia kwenye kioo, na neno lile moja lililotoka pembeni ya mdomo. Mimi, ambaye kila siku ya kazi nilikuwa nachunga neno lile lisinitoke, nilikuwa nimelipokea mlangoni kwangu bila kuuliza.

"Nenda nyumbani ukamuulize," akasema Tisa-na-Nusu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mke wangu alisikia mpaka mwisho, akakaa chini, akashika kichwa. "Baba watoto," akasema, "nilikwambia uache! Uache hiyo habari! Tumelizungumza mara ngapi? Nikasema subiri mwenzako astaafu kwanza, muondoke pamoja. Si nilisema?"

"Ulisema acha."

"Acha hayo mawazo! Nani anamwambia mume wake aache kazi akiwa na pini mdomoni?"

Alicheka kwa hasira, kisha uso wake ukabadilika. Yeye na Tisa-na-Nusu walikuwa wanataniana kishemeji, akimshonea mashati bila kumpima. "Na shemeji je?" akauliza. "Atafanya kazi na nani?"

Nilishusha mkoba begani.

"Kesho asubuhi unarudi," akasema. "Unamwambia meneja ulikosea. Aibu haiui."

Asubuhi nilirudi kweli. Nilifika mpaka getini. Nilisimama upande wa pili wa barabara, na maneno ya kuomba radhi nimeyapanga. Gari la kazi likatoka, na ndani yake Tisa-na-Nusu peke yake, kiti cha pembeni kimewekwa ngazi. Akaniona. Akapunga ule mkono wake wa kushoto, akapita. Ningeweza kuingia wakati ule. Geti lilikuwa wazi, mlinzi ananijua. Nilibaki pale nikajisikiliza, na ndani yangu, chini ya aibu na woga, nikakuta furaha. Nilifurahi kwamba mke wangu alisema lile neno. Nilifurahi kwamba limeshatokea na si mimi niliyeamua. Nikageuka nikaenda kutafuta chumba cha kupanga ofisi.

Meneja hakuleta fundi mwingine. Tisa-na-Nusu alikataa kwenda peke yake, akaambiwa basi aandike barua ya kuacha kazi naye, aondoke bila mafao yake. Mmoja akikataa ni mkaidi. Akaenda.

Ndipo simu zikaanza. Ya kwanza nilidhani ananisalimia tu.

"Kaka, nashuka."

"Unashuka wapi?"

"Shimoni. Kaa juu."

Nilicheka. "Mimi niko sokoni, nanunua rangi."

"Kaa hapo hapo sokoni. Umekaa?"

"Nimekaa."

Baada ya muda akapiga tena. "Nimetoka." Akakata.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila alipokuwa anashuka alinipigia, akanitajia jengo, akaniambia kaa juu. Na kila alipotoka aliniambia nimetoka. Katikati ya simu hizo mbili sikuweza kufanya lolote. Nilisimama popote nilipokuwa, kwenye foleni, dukani, chooni, nimeshika simu kwa mikono miwili, kana kwamba nikiishika vizuri lifti haitashuka. Ilikuwa upuuzi, wote tulijua. Mtu wa juu anazuia mkono wa mtu usiguse swichi. Mimi ningezuia nini kutoka sokoni? Lakini sikuthubutu kumwambia aache kupiga, na yeye hakuthubutu kushuka bila kupiga.

"Unamdanganya mwenzako," mke wangu akaniambia siku moja aliponikuta nimesimama katikati ya chumba.

"Yeye ndiye anayepiga."

"Na wewe ndiye unayepokea."

Hata hivyo hasira zake zilikuwa zimepoa. Maji yakishamwagika hayazoleki, akasema, afadhali tufulie. Akanishonea ovaroli mpya ya bluu, na mgongoni akatarizi kwa uzi mweupe: PANDA SALAMA. Niliivaa siku tuliyokwenda wote wawili kuangalia chumba kimoja karibu na kituo cha mabasi. Nilitaka mwenye chumba aone kwamba anapangisha kwa mtu wa maana. Kilikuwa chumba kizuri, chenye dirisha kubwa na sakafu safi. Mke wangu alikuwa anapima dirisha kwa macho ya pazia simu ilipolia.

"Kaka, nashuka. Niko kwenye lile jengo letu la ghorofa saba."

"Si ulisema huko huendi mpaka watengeneze ile swichi?"

"Nilisema mengi. Usijali. Huku juu nimezima, na kwenye wenzo nimetundika kofia yangu, mtu ajue kuna kazi. Kaa juu."

Swichi kuu ya jengo lile ilikuwa ya mtindo wa kale, wenzo wa chuma ukutani, hauna kufuli. Yeyote mwenye mkono angeweza kuupandisha.

"Nisubiri," nikasema. "Niko karibu. Nakuja nikae mwenyewe."

"Wewe una kampuni yako sasa. Nasafisha tu, natoka. Umekaa?"

Nilipaswa kusema sijakaa. Hilo tu. Angenitukana, angesubiri. Mwenye chumba alikuwa anatikisa funguo, ananiangalia.

"Nimekaa," nikasema.

Akakata. Mwenye chumba akaeleza habari za maji na umeme na choo, na mimi nikawa naitikia. Mke wangu aliona simu ilivyo mkononi mwangu, akaacha kupima dirisha. Tulisubiri nimetoka. Mwenye chumba akaonyesha soketi. Akaonyesha bawaba mpya za mlango. Nimetoka haikuja. Nikapiga mimi, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nilipoinua macho, mke wangu alikuwa ameshashika mkoba wake.

"Twende," akasema.

Tulikimbia. Simu ikalia tukiwa njiani, namba nisiyoijua, na ilikuwa sauti ya msimamizi wa jengo, mzee wa watu, nilishampa namba yangu nikigawa kwa kila mtu kwa ajili ya biashara. Alikuwa anasema fundi njoo, fundi njoo, wala hakuweza kusema zaidi.

Tulimkuta mlangoni, ameshika kofia ya Tisa-na-Nusu.

"Yule mama wa ghorofa ya sita ana kabati limeletwa," akasema, machozi yanatiririka. "Wapagazi wanamgombeza, ananigombeza mimi. Nikapanda juu kumuuliza fundi. Nikakuta hakuna mtu. Nikakuta hii tu. Nikasema amemaliza, ameisahau, nikaichukua nimpelekee. Nikawasha, na wapagazi kule chini wakaiita."

Alikuwa amezima tena baada ya kusikia ukelele. Lakini boksi lilikuwa limeshashuka mpaka chini, tupu.

Boksi tupu unaweza kulipandisha bila umeme. Uzito wa upande wa pili unalizidi, kwa hiyo ukifungua breki linapanda, na gurudumu unalizuia kwa mikono lisipande kwa pupa. Breki ina mpini wake na gurudumu liko mbali nayo. Mtu mmoja havifikii vyote. Niliangalia pale mlangoni: mzee anatetemeka, wapagazi wamejibanza ukutani. Mke wangu alikuwa ameshaanza kupanda ngazi.

Kule juu nilimshikisha mpini. "Nikisema legeza, vuta. Nikisema kaza, rudisha."

"Sema," akasema.

"Legeza."

Gurudumu liliniburuta, nikalizuia kwa kifua. Kamba zikalia. "Kaza." Akakaza. "Legeza." Akalegeza. Hakukosea hata mara moja, mwanamke ambaye hakuwahi kuingia chumba kile maishani mwake. Nikaona kumbe kazi ya mtu wa juu inafundishika haraka hivyo. Inahitaji tu mtu awepo.

Nilimwacha kando ya swichi. "Usiondoke hapa," nikamwambia.

"Hata wakinibeba," akajibu.

Nilishuka, nikafungua mlango wa chini, nikaingia shimoni kwa ngazi. Tisa-na-Nusu alikuwa amejibana pembeni kabisa, kwenye kona, mahali ambapo mtu mwembamba kuliko yeye pengine angepona. Tochi yake ilikuwa bado inawaka. Nilimwita. Nilimshika, alikuwa na joto, nikajidanganya kwa muda mfupi kwamba joto ni uhai. Nikamwambia nimekaa, kaka, nipo. Nilirudia hivyo mpaka wenye machela walipokuja na kunivuta kwa mabega.

Walimlaza ukumbini kwenye vigae, wakamfunika shuka alilolileta mpangaji mmoja. Watu wakashuka kwa ngazi kutoka ghorofa zote wakasimama, na safari hii hakuna aliyeuliza mbona inachelewa. Bwana Tutaona akafika na simu sikioni. Akaangalia shuka, akaangalia watu, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote: "Nani alimruhusu kushuka peke yake?" Nilimwendea. Sijui ningemfanya nini. Mke wangu, aliyekuwa ameshashuka baada ya kuhakikisha wote tumetoka, alinishika ovaroli kwa nyuma na hakuiachia mpaka yule mtu akarudi kwenye gari lake.

Mwenye jengo alikuja baadaye, mtu mpole, viatu safi. Alisimama kimya mbele ya shuka kwa heshima. Kisha akazunguka nyuma yangu, akasoma mgongoni kwangu kilichotariziwa.

"Hii ni kampuni yako?"

"Ndiyo."

"Wale sitaki kuwaona hapa tena," akasema. "Nina wazee wanaishi juu, hawawezi ngazi. Na nina majengo mengine ya namna hii. Ungeweza kuyachukua yote? Ungeanza lini?"

Alikuwa mteja wangu wa kwanza, na alikuwa vile vile nilivyomwota nikiwa bafuni, majengo yake ya zamani mkononi, ananiomba. Nilisikia mdomo wangu ukijibu kabla sijauruhusu.

"Naweza," nikasema. "Ila nitafute kwanza fundi wa pili. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja."

Alinitazama bila ubaya wowote. Akatazama shuka, akanitazama tena, kwa uso wa mtu anayetaka kweli kuelewa.

"Kwani huyu," akauliza, "si alikuwa anaifanya peke yake?"